Nimegeuka na Bunduki

Safina, uko hewani? Mwenzio leo nusura niue mtu. Siyo utani.

Si unajua leo sisi mgambo wa Mandawa tumeletwa Nachingwea kulenga shabaha? Basi nimefyatua ya kwanza, katikati kabisa. Mimi huyu! Furaha ikanipanda, nikageuka nyuma kumuuliza mgambo mwenzangu Rashidy, "Umeona?"

Nimegeuka NA BUNDUKI, shosti. Kidole bado kipo pale pale.

Watu wote chini, puu! Afande, yule anayetutukana tangu tuanze mafunzo, naye kalala kifudifudi vumbini, ananibembeleza: "Dada yangu mzuri, taratibu. Elekeza kule mbele. Toa kidole."

Dada yangu mzuri!! Afande huyo huyo!

Nikajua wananizingua, nikacheka 😂 Nikaiweka chini. Afande akaja, akaifungua, risasi ikadondoka. Ilikuwa tayari kutoka, Safina. Na ilikuwa inamwelekea Rashidy tumboni.

Nimelia mbele ya kikosi kizima. Nikamfuata Rashidy kumwomba radhi, bado kalala.

Anasema, "Nimekusamehe, Ashura. Ila hapa chini pananitosha."