Unga Mweupe Ndani ya Bawa

Kuisebmond,
Walvis Bay,
Namibia.
19 Julai 2009

Mpendwa Shangazi Kandjou,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi na ukungu wetu wa pwani. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukichuchumaa kukamua. Na ng'ombe wa Maun wamenenepa, au ukame umewakondesha? Sisi huku tu wazima wote. Neno hilo nimeliandika mara nyingi katika barua bila kulifikiria, lakini leo nimelitazama kwanza kabla ya kuendelea.

Baba amenikataza nisikuandikie habari hii. Anasema utapanda gari uje umgombeze mbele ya majirani. Lakini yeye ni kaka yako, na ndugu yangu Mbeuta ulimlea wewe mpaka alipoanza shule. Nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Unakumbuka nilikuambia kwamba Mbeuta anaunda ndege ndogo nyuma ya nyumba, ya watu wawili, yenye mabawa ya kitambaa. Kazi ya kutengeneza meli bandarini ilimpa ustadi wa mkono, naye akaamini unatosha. Kuhusu vyuma hakuwa mvivu. Mabomba ya maji aliyakataa kwa kuwa ni mazito, na ya kumwagilia mashamba akayakataa kwa kuwa ni laini. Akaagiza Johannesburg mabomba ya alumini ngumu, yale yenyewe yanayotumika kwenye ndege. Hakuyachomelea hata mahali pamoja, kwa sababu alumini ile ukiipasha moto inalegea. Aliyaunga kwa bolti na vibati vya chuma kisichoshika kutu, akajisifu kwamba ndege yake itatuzika sote. Mimi nilimshonea kitambaa cha mabawa kwa cherehani yangu ya magauni.

Jumapili iliyopita Baba alipanda. Naam, Shangazi, mzee wetu, na kofia yake ya sikukuu akaifunga kwa skafu yangu. Mbeuta alikuwa amesharuka peke yake mara kadhaa, nasi tukaona hakuna neno. Waliruka kutoka kwenye uwanda wa changarawe nyuma ya matuta, wakazunguka mpaka tukawaona kama kipanga. Baba aliposhuka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Jioni nzima alitusimulia jinsi flamingo wanavyoonekana kwa juu, akasahau hata bakuli lake la omaere, maziwa yake ya mgando.

Kesho yake nilikwenda kurekebisha mshono uliofumuka karibu na kiungo cha bawa. Nikafumua zaidi ili nipate nafasi ya sindano. Ukamwagika mapajani mwangu unga mweupe. Nilidhani ni chumvi ya ukungu, maana hapa chumvi inaingia hata kabatini. Nikapitisha kidole kwenye bomba ili nilipanguse, na ukucha wangu ukazama ndani ya chuma. Shangazi, ukucha. Nilibaki nimekaa palepale. Nilichokuwa nakiona ni ile kofia ya Baba kule angani.

Mbeuta alipokuja alipiga magoti akatazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua kibati na kulishika bomba kwa mikono yake miwili. Lilikatika kama muwa mkavu.

Baadaye ndipo alipotueleza. Alumini ikigusana na kile chuma kisichoshika kutu, na unyevu wa chumvi ukawa katikati yao, ni alumini inayoliwa, polepole, chini ya rangi, huku chuma chenyewe kinang'aa. Vyuma vyote viwili vilikuwa vizuri. Ubaya ulikuwa kuviweka pamoja bila kitu cha kuvitenganisha, katika mji kama huu.

Lililonishtua zaidi lilikuja hapo. Baba alimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Hukuona dalili yoyote?"

Mbeuta akasema, "Niliona rangi imevimba kidogo, Baba. Nikaisugua, nikapaka upya."

"Kabla sijapanda?"

"Kabla."

Baba akasema, "Ng'ombe akivimba, mwanangu, hatumpaki rangi."

Hakumpigia kelele. Afadhali angempigia, maana Mbeuta angepata la kujibu.

Tangu hapo amekuwa akiifumua ndege nzima. Mabomba mawili mengine tumeyakuta yameliwa vilevile. Sasa vibati vya viungo atavikata kwenye alumini ya aina ileile, kila bolti ataipaka dawa ya kuzuia kutu, na kila mahali panapogusana pataingia rangi ya kinga kwanza. Ndege yenyewe ataihamishia Usakos, kwenye hewa kavu, kwa mjomba wa mkewe. Bomba la nne, hata hivyo, alisema ni zima. Lilikuwa na madoa, lakini alilipima, akaligonga, akatuhakikishia litafaa bado. Lile ndilo refu kuliko yote, na kulipata tena si rahisi.

Jana tukinywa chai nikamuuliza Baba, nikitegemea jibu moja tu, kama atapanda tena. Mbeuta alikuwa pale, amempakata mwanawe Vejama, yule anayeota meno.

Baba akamgeukia Mbeuta, akasema, "Nitapanda. Ila safari hii nitakuwa wa pili. Wa kwanza atakuwa huyo aliyeko mapajani mwako."

Mimi nikasema, "Baba, huyu si mtoto mchanga?"

"Ndiyo. Simlazimishi Mbeuta ampandishe. Nataka aunde kama anayempandisha."

Mbeuta alinipa mtoto, akatoka. Muda mfupi baadaye tukasikia msumeno. Nilipochungulia, alikuwa analikata lile bomba la nne vipande vipande, vifupi, visivyoweza kumshawishi mtu tena.

Shangazi, usije kwa hasira. Njoo goti likipoa, umwone kaka yako, umguse. Mimi bado nikimpelekea chai namshika bega kwanza.

Nisalimie Mama Ngarizemo na watoto wote wa boma, na mwambie Kavezuva gauni lake liko tayari. Mkewe Mbeuta anakusalimu, na Baba angekusalimu pia kama angejua naandika. Mungu aliyetuachia mzee wetu akulinde nawe, akujalie maziwa mengi na usingizi mtulivu.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye daima,

Uerikondjera