Jina Langu Kwenye Fomu ya Mbuzi

Msimbati, Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo wako? Na kifua cha mama, huko Tunduru baridi imepungua? Mimi mwili ni mzima, ila tangu Ijumaa moyo haujatulia. Nisamehe mwandiko.

Mbuzi wa Mzee Bakari, yule tajiri wa Shangani aliyeniajiri kuwachunga, walianza kukohoa. Watatu wakafa. Nikampelekea habari. Badala ya dawa, akaja na pikapu na dereva.

"Somoe, wapakie hawa wazima uwapeleke Mpapura kwa mdogo wangu, kabla Bwana Mifugo hajafika."

Nikapakia, Baba. Niliogopa kufukuzwa.

Kwenye kizuizi cha barabarani tukamkuta huyo huyo Bwana Mifugo. Akataka kibali, sina. Akauliza mwenye mbuzi, nikamtaja Mzee Bakari. Akafungua kitabu cha sheria, akanisomea polepole: mwenye mifugo ni pamoja na yeyote anayewatunza au aliye nao njiani. "Na mgonjwa si anayekohoa tu," akasema. "Hata aliyelala naye banda moja." Kisha akaandika jina langu kwenye fomu. Nikakaa vumbini. Niliona jela tu.

Mzee Bakari akaitwa kutoka mjini. Baba, alinitazama usoni akasema eti nimewatorosha mbuzi wake! Halafu nikamsikia akimnong'oneza dereva: wakituachia, endelea na safari. Nikawafikiria watu wa Mpapura, wengine wana mbuzi mmoja tu. Nikainuka huku nalia.

"Kama sheria inaniita mwenye mbuzi, basi mimi nakataa. Hawaendi popote!"

Ndipo dereva naye akasema ukweli, nani alimtuma.

Mbuzi wamerudishwa bandani, hawatoki mpaka wapimwe, na mimi ndiye nawapelekea majani. Mzee Bakari ameandikwa pia, lakini jina langu halikufutwa. Alhamisi tunaitwa mahakamani sote. Dereva ameahidi kuja. Sijui kama atakuja. Nimehamia kwa mama mmoja muuza mihogo, na kila gari likipita nashtuka.

Mama usimwambie habari ya mahakama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie shangazi anayekupikia uji, na kaka na mkewe mgeni.

Najua barua ikikufikia, Alhamisi itakuwa imeshapita. Niombee hivyo hivyo, Baba.

Binti yako,
Somoe