Maksai wa Sherehe ya Udiwani

Tunduma, Novemba 2000

Dada Kabula, shikamoo.

Nyota yangu inawaka: matokeo ya udiwani yamebandikwa, na sasa hata wabadilisha fedha wa mpakani wananiita Mheshimiwa. Nawapungia mkono kama rais.

Huku mvua imeanza. Jino la mke wangu Germana limepona, na mdomo umerudi kazini. Jana kaniambia, "Baba Makene, hata mbuzi wetu wangekupigia kura, usingemfikia mwenzio." Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Yule maksai uliyemtenga huko Kamsamba tumchinje kwa ushindi wangu, mrudishe kwenye plau akalime mpunga. Mwenye bahati ni yeye. Hilo la Mheshimiwa wananizomea tu. Nimeshindwa, dada, tena vibaya.

Mdogo wako,
Sadock