Sabuni Nyeupe Isiyo na Harufu

Brussels, Jumapili asubuhi

Kwako Dada Mwanahamisi,

Assalaam alaikum. Salamu nakupa kwa kuwa ni wajibu wa dini, usidhani ni mapenzi. Mimi mwilini ni mzima. Hali zenu siulizi, maana miezi mitatu nimekuwa nikiuliza kila Jumapili na kila Jumapili nimedanganywa. Leo sipigi simu. Simu unajua kuikata. Nikiuliza jambo usilolitaka, mtandao unakuwa mbovu papo hapo. Karatasi hii utaisoma mpaka mwisho, na ukiikunja katikati utaikunjua tena, nakujua.

Najua kuwa Baba amefariki. Najua amezikwa, khitma imesomwa, watu wamekula wametawanyika, na mimi mtoto wake wa mwisho nilikuwa jikoni kwangu Ixelles nafungua chupa moja baada ya nyingine nikitafuta harufu itakayompendeza. Hukuniambia wewe, wala Kaka Omari hakuniambia. Nimejua kwa sababu ya sabuni, na nitakueleza ilivyokuwa, maana naona bado mnajiona wajanja.

Kazi yangu unaijua. Siku tano nasafisha nyumba za watu Uccle, na Jumamosi natengeneza sabuni. Nilianza kama mchezo, nikikumbuka Mama anavyosaga liwa, ule mti wa kunukia, na kuchanganya singo ya kuwasugua maharusi, halafu Mama Béatrice akazipenda. Huyu ni Mkongomani wa Lubumbashi mwenye duka la vipodozi pale Chaussée de Wavre, ndiye anayeniuzia. Nimejifunza kwa kuharibu. Choya ya kutilia rangi nilidhani itanipa wekundu mzuri, ikakutana na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikawa rangi ya matope. Bizari ya manjano kwanza inakuwa nyekundu mpaka unaogopa, halafu siku zinavyokwenda inatulia. Mchaichai ni msaliti, leo nyumba nzima inanukia na baada ya wiki tatu hakuna kitu, mpaka uitie udongo mweupe kidogo ndipo inashika. Karafuu ndiyo yenye vituko zaidi. Ukiizidisha tu, sabuni inagandia sufuriani kabla hujaimimina.

Haya yote ungekuwa unayajua kama ungekuwa unanisikiliza.

Baba nilimtengenezea ya mchaichai na karafuu, rangi ya manjano, kwa ajili ya vidole vyake. Unakumbuka vidole vya Baba. Miaka yote ya ufundi saa vilinuka mafuta ya cherehani aliyokuwa akitia kwenye saa, mpaka Mama akawa anamtania kuwa ameoa cherehani. Nilitaka akifunga duka anawe, akae kula ananukia. Nikakabidhi kwa msafiri, ikafika, ukanipigia. Ukasema Baba ameipenda sana ila anaona karafuu haitoshi, niongeze. Mwanahamisi, Baba alikuwa na wiki mbili kaburini. Nani aliyenusa? Pua ya nani hiyo iliyotaka karafuu?

Nami nikaongeza. Sufuria ya kwanza iligandia kwenye mwiko, nikaikwangua nikaitupa. Ya pili ikajitenga, mafuta juu, maji chini. Ya tatu ilikubali lakini kostiki ilinirukia mkononi, na kovu ninalo mpaka leo, juu ya kidole gumba. Nimeungua kwa ajili ya pua ya marehemu, na wewe ulijua kuwa ni marehemu.

Kisha yakaja yale majibu yako. Amelala. Yuko msikitini. Simu yake imeingia maji. Koo limemkauka, daktari amemkataza kuongea. Hilo la koo ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana wiki nzima nilikuwa namwombea dua koo lipone. Mama naye ukimpa simu anasema "mwanangu", halafu simu inakatika. Nikadhani kweli ni mtandao.

Sababu ya Kaka Omari naijua. Manispaa ya huku ilikuwa haijanipa kadi ya ukaazi, na ningetoka nchini kabla haijatoka ningehangaika kurudi. Akasema Zena akijua atapanda ndege, na akipanda ndege amepoteza kila kitu. Sawa. Yaani si sawa hata kidogo, lakini naielewa. Ila kadi nimeipata mwezi uliopita. Nilikupigia nikiwa Flagey, katikati ya soko, napiga vigelegele mpaka muuza jibini akanigeukia. Na wewe ukanijibu kwa upole kabisa: "Alhamdulillahi, Baba atafurahi sana akisikia."

Hapo kisingizio kilikuwa kimekwisha. Ulikuwa huna cha kulinda tena isipokuwa uongo wako mwenyewe. Maneno yale nayarudia nikipiga pasi mashati ya watu, nayarudia nikifuta madirisha, na kila nikiyarudia natamani kuvunja kitu. Jumatano nilivunja, sahani ya mwenye nyumba. Nikasema imeniponyoka.

Sasa sikiliza habari ya sabuni. Wiki mbili kabla ya kadi ulinipigia ukasema Mama anaomba sabuni. Nikafurahi, nikaanza kukutajia, ipo ya waridi, ipo ya asumini, ukanikatiza. Anataka nyeupe, isiyo na rangi wala harufu. Nyuma yako nikamsikia Mama mwenyewe, mbali na simu lakini amepaza sauti: "Mwambie isiwe na harufu hata chembe. Wala rangi. Mwambie kama ninavyosema." Ukacheka. Ukasema utu uzima huo, ngozi yake siku hizi haitaki marashi.

Nami nikaamini. Hapa najilaumu mwenyewe, hasira hii siwezi kukupa wewe yote. Mama ambaye haipiti harusi mtaani kwetu Ngamiani bila kuitwa kutia mkono kwenye singo, Mama anayefukiza udi hata kanga za kushindia, aombe sabuni isiyo na harufu, na mimi nisijiulize kitu.

Nikaitengeneza. Ni ngumu kuliko zote, maana haina pa kufichia kosa. Mafuta ya zeituni yanaacha umanjano, nikayapunguza nikazidisha nazi. Nikakata vipande, nikavipanga kabatini vikomae wiki sita, kwa kuwa sabuni changa inachoma ngozi.

Vilikuwa kwenye wiki ya tano Mama Béatrice alipokuja kuchukua mzigo wake. Akaviona, akachukua kimoja akanusa, akakigeuza, akanusa tena. Akauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya Mama, na ni yeye mwenyewe aliyekataza rangi na harufu. Akakirudisha polepole mahali pake.

"Bon," akasema. "Muntu mwenye anaacha rangi na harufu yote mara moja, iko malade ao iko mu deuil. Maman yako iko malade?"

Malade kwao ni mgonjwa, na deuil ni msiba. Nikafungua mdomo nimjibu kuwa Mama ni mzima wa afya, maana ndivyo ulivyoniambia Jumapili yake, lakini nikakichukua kile kipande nikakinusa mwenyewe. Nilikumbuka chumba cha uani, Bibi mzaa Baba amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, na mimi mtoto wa miaka saba namletea kikuba cha asumini. Mama alinipokonya mlangoni, akanipiga kofi la mkononi, akasema Bibi yuko eda, mjane hajipambi wala hajitii harufu mpaka ipite miezi minne na siku kumi. Ulikuwepo siku hiyo. Ulinicheka mpaka ukakaa chini.

Sikukupigia wewe. Nilimpigia jirani yetu Bi Tatu. Nikamsalimu vizuri, nikauliza miguu yake, kisha nikasema kwa sauti ya kawaida, "Poleni na msiba, Bi Tatu."

Akajibu hapo hapo, bila kufikiri. "Tumeshapoa, mwanangu. Pole na wewe, maana baba yako alikutaja sana."

Halafu akaanza kusema Astaghfirullah, na nikasikia anavyojua amefanya nini. Usimgombeze. Mtaa mzima huo ni yeye peke yake aliyenipa pole kwa kufiwa na baba yangu, na alinipa kwa bahati mbaya. Baada ya hapo akaniambia yaliyobaki, kwamba ni miezi mitatu sasa, akanitajia na tarehe, na kwamba Kaka Omari aliwaapisha wote kwenye msahafu, hata Mama, pasiwe na mtu wa kumwambia Zena.

Nikakaa siku zangu tatu. Chupa zote za manukato nilizifunga nikazitia kwenye boksi, nikafungua madirisha jiko likae na harufu ya baridi tu. Mama Béatrice alileta sufuria ya maharage, akakaa kwenye kiti akiwa na koti lake. Yeye ni mtu wa kanisa, Yasini haijui, lakini alikaa mpaka nilipomaliza kusoma, akaniuliza jina la Baba, akalitamka. Matanga yangu yalikuwa hayo.

Na ndani ya siku hizo tatu, hasira ilipopoa kidogo nikaweza kufikiri, nikajiuliza swali ambalo naona nyinyi hamjajiuliza. Mama anataka sabuni ya kutoka Brussels ya nini? Sabuni isiyo na marashi haijawahi kukosekana Tanga. Duka la kona linauza sabuni ya mche, na Bibi eda yake yote aliogea hiyo hiyo. Kwa nini aniagize mimi, niliye mbali kuliko wote, kitu kilichopo hatua ishirini kutoka mlangoni? Na kwa nini apaze sauti hivyo, Mama asiyepaza sauti hata akiita kuku?

Mama hakuhitaji sabuni. Mama aliapishwa asiseme, na kiapo chake hajakivunja. Alitafuta kitu ambacho mtoto wake anayeshinda na rangi na harufu hawezi kukosa kukielewa, akakutuma wewe unifikishie. Ukanifikishia, ukicheka. Nyumba nzima imejaa watu wazima wenye kuamua mambo, na aliyeona nina haki ya kujua kuwa sina baba ni mjane aliyefungwa mdomo. Ameniambia wiki sita zilizopita. Mimi ndiye niliyechelewa kusikia, na hilo nitaomba radhi kwake, si kwenu.

Kwenu nataka kitu kimoja, na nakitaka kwa maandishi, kwa mkono wako. Niandikie alivyokufa. Saa ngapi, aliumwa nini. Nani alimwosha. Vidole vyake vilisafishwa vizuri au mliharakisha. Na Bi Tatu anasema alinitaja sana. Alisema nini? Hicho ndicho mlichoniibia zaidi. Mazishi yamepita, siwezi kuyarudisha, lakini maneno yale yalikuwa yangu, na mmekaa nayo miezi mitatu. Kama kuna hata moja ulilosahau, nenda kamuulize kila aliyekuwepo mpaka lipatikane.

Barua hii na sabuni nyeupe anazileta mke wa mtu wa ubalozi, yule ninayemfanyia usafi, anakuja Tanga kwao. Mpe Mama mkononi, usimtumie mtu. Umwambie, "Zena anasema ziko kama ulivyoagiza." Usiongeze neno. Umtazame uso wakati unamwambia, uone mwenyewe kama ni ngozi iliyokataa marashi.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, ambaye najua hakukubaliana nanyi ila nyumba hiyo hajapewa sauti. Wabusu wanao. Bi Tatu msalimie sana, mwambie sina kinyongo naye. Shangazi wa Pangani, aliyeniambia kwenye simu mwezi uliopita kuwa Baba amenenepa, usimsalimie. Kaka Omari nitamsalimia mwenyewe, ana kwa ana.

Ndiyo, umesoma sawa. Jana nimefungua lile boksi la chupa. Nimemimina sabuni nyingine, ya waridi na karafuu na mchaichai, rangi ya manjano iliyokolea, na safari hii karafuu haikunishinda. Inahitaji wiki sita kukomaa. Nimezihesabu siku za Mama zilizobaki, ni wiki sita kasoro siku mbili, basi atanisamehe sabuni ikipungukiwa hizo mbili. Asubuhi atakayotoka eda nitakuwa mlangoni nayo. Kadi ninayo, tiketi ninayo, na safari hii sitapokonywa.

Mama asijue kuwa nakuja. Mmeweza kunificha kifo cha baba yangu miezi mitatu, hamtashindwa kumficha yeye furaha ya wiki sita.

Mdogo wako, mpende msipende,

Zena