Uzito Usio Wangu

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto
Jumatano, tarehe 11

Mpendwa mdogo wangu Uzi,

Hujambo, mama? Shemeji naye, na mama mkwe wako, kile kikohozi kimemwachia? Kiuno chako je, bado hunyanyuki kwenye cherehani bila kushika meza? Sisi tu wazima, ila nina jambo, na kwenye simu siwezi kulisema kwa sababu binti yangu huwa amekaa pembeni yangu.

Unajua tangu baba yake afe kwa presha anavyoogopa chumvi. Mpishi nilikuwa mimi. Hajawahi kunilaumu, lakini mwaka jana daktari alipotaja chumvi aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Daktari alisema niipunguze, nile mayai, maharage, samaki, mboga na matunda, ninywe maji ya kutosha. Binti yangu alisikia la kwanza, mengine yakampita.

Basi asubuhi uji mwepesi, mchana mboga zilizopondwa, saa kumi na moja jioni uji tena, peke yangu, kabla wenzangu wa humu nyumbani hawajarudi. Meno yangu ninayo yote isipokuwa mawili, lakini napondewa kama mtoto anayeota la kwanza. Baadaye harufu ya samaki inanifuata chumbani nikiwa nimeshafungiwa jiko. Ngazi zenyewe, kwa magoti haya, nashuka mara moja kwa mwezi.

Sasa sikia nilivyojitia kitanzi mwenyewe. Kila Jumamosi ananipima kwa mizani aliyoileta kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo moja. Akaomba ruhusa siku tatu, akanilisha kwa kijiko huku analia, na chai akaifuta. Sikutaka kumwona vile tena. Nikashona mfuko ndani ya gauni, nikatia ule mkasi mkubwa wa mama. Baadaye mkasi haukutosha, nikaongeza chuma kimoja cha kukandamizia kitambaa. Leo vyuma ni vitatu, na napanda mizani taratibu visije vikagongana.

Yeye anafurahi. Anawasimulia wateja kwamba uji umemweka mama yake vilevile mwaka mzima. Hata wewe ulimpongeza, nikasikia. Nikisema nina njaa ananifungulia daftari la uzito, na namba zote zile nimezishona mimi. Jina la Uzi ungeniachia tu, linanifaa kuliko wewe.

Jana nilianguka nikitandika kitanda. Sikuumia. Miguu ilikataa tu, nikakaa sakafuni nikisubiri nguvu zirudi, na kusema kweli niliogopa sana. Binti yangu aliwahi kuniambia, "Mama, chumvi haitanichukulia wazazi wawili." Nikawaza, nikifa humu ndani, atakayenivua gauni ni yeye, na atakuta vyuma.

Fundi viatu wa ghorofa ya chini anakwenda posta kesho, nitampa barua hii na kifurushi kizito. Ni mkasi wa mama na vyuma vyote vitatu. Vifanyie kazi, na nikikuomba unirudishie, nikatalie. Jumamosi nitapanda mizani na gauni tupu.

Barua itakapokufika mambo yatakuwa yameshatokea. Naomba umpigie yeye kwanza, kabla yangu. Atakuwa amelia. Mwambie kunitunza alinitunza, alikosea chakula tu, na kwamba aliyemdanganya ni mimi. Halafu mwambie anipe yai, lenye chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na anikalishe mezani pamoja nao.

Nisalimie shemeji, mama mkwe, mapacha na yule mkorofi wao wa mwisho. Mungu akupe afya na akulindie hicho kiuno.

Dada yako akupendaye,
mwepesi kuliko ulivyoniacha.