Pigo la Tano

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo ingawa nina hasira na wewe, maana ndivyo ulivyonilea.

Ungejua wimbo wako wa mwisho ulivyonitesa mwezi huu, ungerudi mwenyewe kuuandika. Ulitunga wimbo wa sauti nne, ukaifundisha kwaya yetu kwa mdomo, benchi kwa benchi, ukafa hujaandika hata nota moja. Nilikuambia kwa barua uandike. Ukanijibu, "Karatasi haiimbi, mwanangu." Haya. Na wale wa kwaya za Magamba na Litapunga ambao hawakukaa kwenye mabenchi yako wajifunze kwa nani? Kanisa jipya lilikuwa linatabarukiwa, kwaya tatu ziimbe pamoja, na wote wakautaka wimbo wako. Mwenyekiti wa kwaya akanipa kazi ya kuuchapa, akaniambia usipokuwa tayari kabla ya mazoezi ya Alhamisi tutaimba ule wa kila harusi. Nikasema bora nife mbele ya kompyuta.

Nusura nife kweli. Ile kompyuta aliyoiacha padre mgeni pale misheni ina programu ya kuchapa nota, lakini usidhani kuna kitu cha kubonyeza. Ni kioo cheusi. Unaandika wimbo kwa herufi kama unavyoandika barua, do inakuwa c, re inakuwa d, unahifadhi, unatoka, unaandika amri, unangoja. Ikikubali, inanyamaza. Ikikataa, inakugombeza kwa Kiingereza. Iliwahi kuniambia kosa liko mstari wa arobaini, nikaukodolea macho asubuhi nzima, kumbe ni bano nililosahau kulifunga huko juu kabisa. Sasa ilishindwa nini kusema hivyo? Na umeme ni wa jenereta ya karakana. Fundi seremala akiwasha msumeno, kioo kinazimika, na kila nilichokuwa sijahifadhi kinapotea. Nilikwenda kusimama mlangoni kwake mikono kiunoni, kama wewe besi walipokuwa wanachelewa. Akaniambia mbao za madhabahu nazo zina tarehe.

Nilikuwa na kanda moja tu, ile aliyorekodi Mama siku ya Pasaka. Redio imeshaitafuna mara mbili, naizungusha kwa kalamu ya Biki. Nilisikiliza sauti moja, nikaandika, nikarudisha, nikasikiliza nyingine. Mwaka wako wa mwisho wote nilikuwa Tabora nasoma uhazili, kwa hiyo wimbo huu sikuwahi kuuimba ukiwa umesimama mbele yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wimbo ukakubali wote isipokuwa mahali pamoja, ubeti wa mwisho, kabla sauti ya kwanza haijapanda. Kati ya mstari wima mmoja wa kugawa nota na mwingine yanatakiwa mapigo manne. Mimi nikihesabu kwenye kanda napata matano, na lile la tano halina sauti, kuna mkwaruzo tu. Kompyuta haitaki. Nikiandika matano, inagomba. Nikirudi kwenye kanda, ni matano. Mama akaanza kuuliza kama nimeolewa na mashine. Mwishowe nikasema basi, hapa redio ilikula kanda. Nikalifuta. Kompyuta ikanyamaza, printa ikaanza kupiga kelele zake, na mimi nikacheza pale ofisini peke yangu.

Alhamisi tukakutana. Magamba na Litapunga wakasoma karatasi vizuri sana. Kwaya yetu, ambayo haikuzitazama karatasi hata kidogo, ilipofika pale ikanyamaza. Pigo moja, watu wote, kama wameambiana. Wenzao wakapanda, wao wakachelewa, ikawa vurugu. Tukarudia, ikawa vilevile. Nikapiga meza, nikawaambia wasome kilichoandikwa, mbona wananiaibisha mbele ya wageni. Mwenyekiti akaanza kuulizia ule wa harusi.

Mzee Bukuru wa besi akanyanyua mkono, akasema polepole, "Nyie wageni hamjui. Hapo Mwalimu alikuwa anakohoa. Sisi tunamngoja amalize."

Hakuna aliyecheka. Mama, kule kwenye sauti ya pili, alikuwa anatazama sakafu.

Baba, mwaka mzima! Kumbe kila mazoezi, pumzi ilikuwa inakuishia pale pale, unageukia ukuta unakohoa, mkono umeuacha juu ili wasipotee. Wakaujifunza wimbo hivyo hivyo na kikohozi chako ndani. Na barua zako za Tabora ziliniletea habari za mvua, za mahindi, za ng'ombe wa jirani walioingia shambani. Kifua hukukitaja hata mara moja. Nani alikuambia sitaki kujua?

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwenye kile kioo. Kumbe kuna namna ya kuiambia programu kwamba hapa, mahali hapa pamoja tu, mapigo ni matano. Nikaandika pigo la kimya kwenye sauti zote nne. Nikabonyeza. Haikunigombeza. Nikalia kwa sauti, nadhani nilisikika mpaka karakana, maana fundi alizima msumeno wake bila kuombwa.

Jumapili, yaani leo, tumeimba. Mimi ndiye niliyesimama mahali pako. Tulipofika pale, kwaya zote tatu zilinyamaza na kanisa zima likanyamaza, hata watoto. Mkono wangu ulikuwa juu. Nikakungoja umalize, kisha tukapanda.

Nimechoka, Baba, na bado nina hasira kidogo. Lala salama. Wanakwaya wa Kapalamsenga wameshaomba karatasi, na najua watakuja wajuaji waseme pale pana kosa, walirekebishe. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna atakayelifuta pigo lako.

Binti yako,
Sesilia