Ujumbe Arobaini na Mmoja Kwenye Apu ya Bluu

Basi mshauri wangu, kama nilivyokuwa nakueleza juzi kabla peni haijanikaukia, naomba msaada, huyu binti yangu alimfuata mumewe nchi ya mbali na mimba ya miezi sita, na kabla hajapanda ndege akaniwekea kwenye simu apu ya bluu ya kutumiana ujumbe, akasema mama, kule wote wako humu, nikamjibu sawa mwanangu huku moyoni nasema nani ahangaike, maana huku sote tuko kwenye ile ya kijani, mimi fundi cherehani wateja wananitumia vipimo humo kwa sauti, kifua, kiuno, na siri zao juu, kikundi chetu cha akina mama kimo, hata muuza vifungo yumo, kwenye bluu niko peke yangu kama mlinzi wa godauni, nikaizima mlio.

Miezi minne kimya, namba yake ya zamani haipatikani, na mdomo wangu haujui kukaa bure, nikamwambia msusi wa mlango wa pili, tena yeye peke yake, kwamba mama mkwe wake wa huko kamnyang'anya mwanangu simu, msusi akasema, "Shoga, usiniambie!" nami nikamwambia zaidi, na chumvi nikaongeza, jioni habari iko kwenye kikundi.

Jumanne simu ikajaa, nikawa nafuta vitu, nikafungua ile ya bluu. Mshauri, ujumbe arobaini na mmoja! "Mama, nimejifungua." "Ni wa kike, tumempa jina lako." "Mama, mbona kimya, umenikasirikia?" Na picha, mtoto ana paji langu hili hili, pana kama meza ya kukatia. Wa mwisho ukasema, "Mama, binamu yangu aliye kwenye kikundi chenu kanisimulia unayoyatangaza. Huyo unayemsema ndiye aliyenishika mkono leba." Nimemwandikia mara sita, hajibu. Kosa langu, au la hao waliotengeneza maapu mengi, kwa nini dunia nzima isitumie moja tu kama... haya nakuja, kuna mteja anaita, gauni lake la

JIBU

Mama fundi, hongera ya mjukuu. Sasa kaa nikuseme.

Apu haina kosa. Huko kwenu ya kijani ilitangulia, bando lake rahisi, na asiyependa kuandika anaongea tu. Shangazi akaingia kwa ajili ya mpwa, mteja kwa ajili ya fundi, sasa nani atoke akaongee na nani? Kule kwa mwanao ilitangulia ya bluu, basi hadi kliniki imo humo. Watu hawakuchagua apu, walifuata watu wao. Mwanao ni mtu wako, na hukumfuata.

Usiandike ujumbe wa saba. Bonyeza kipaza sauti, asikie sauti ya mama yake: nimekosa, mwanangu. Ukifika kwenye "lakini," zima. Kisha muombe radhi mama mkwe wake, msusi asiwe pembeni. Halafu rudi kwenye kikundi ulikofika ule uongo wako, uwaambie nani alimshika mwanao mkono. Mdomo unao, na chumvi safari hii ongeza utakavyo. Na ule mlio uwashe leo.

Barua yako imekatika kwa sababu mteja ameita. Kaita mara moja tu, umetupa peni ukakimbia. Mwanao ameita mara arobaini na moja.